Nyumba, Deni na Gunia la Mahindi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo litakalowafaa wanafunzi pamoja na wazazi wao. Nimechagua habari ya nyumba zinazowekwa rehani, na zile zinazouzwa kwa sababu ya deni. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza darasani swali ambalo halimo katika kitabu chao: kwa nini nyumba ikinadiwa hupata bei ndogo kuliko nyumba ya jirani, hali zote mbili ni za matofali ya kuchoma na mabati ya namna moja? Jibu lake ni refu kuliko kipindi kimoja, kwa hiyo nalieleza hapa kwa utaratibu.

Neno kubwa la somo hili ni moja, nami nalitaja mwanzoni. Deni hukaa pale pale lilipoandikwa, bali bei ya nyumba hutembea. Tena bei hiyo hushuka hasa wakati ule ule ambao mwenye deni anashindwa kulipa. Mtu akilifahamu jambo hili vizuri, atajua pia wakati wa kukopa, wakati wa kukataa, na wakati wa kwenda kuzungumza na mkopeshaji.

1. Maana ya rehani

Kuweka nyumba rehani ni kumpa mkopeshaji haki juu ya nyumba hiyo mpaka deni liishe. Nyumba hubaki mikononi mwa mwenyewe. Hulala humo, hupangisha vyumba vyake, na bati likivuja hulitengeneza yeye. Lakini hati hukaa kwa mkopeshaji, na deni lisipolipwa, mkopeshaji aweza kuiuza nyumba ili apate fedha zake.

Nchini mwetu ardhi yote ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Kwa hiyo kinachowekwa rehani si ardhi yenyewe, bali ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa katika hati, kama vile 33, 66 au 99, pamoja na majengo yaliyo juu yake.

Mikopo ya kujengea nyumba haijawa mingi katika Tanzania. Benki ya Nyumba iliundwa mwaka 1972, ikafa mwaka 1995. Baadaye, mwaka 2008, Bunge lilipitisha sheria mpya juu ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za mikopo hiyo. Hata hivyo mikopo yote ya nyumba nchini imekuwa chini ya asilimia 1 ya pato la taifa, na taarifa za Benki Kuu zimetaja riba ya asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka.

Basi mwanafunzi atauliza: kama mikopo ya nyumba ni michache hivyo, habari hii yatuhusu nini sisi wa Ufipa? Yatuhusu sana. Aghalabu mtu wa Sumbawanga hajengi kwa fedha za benki. Hufyatua matofali wakati wa kiangazi, huyachoma katika tanuru, hupandisha ukuta mwaka huu, hungoja mavuno mengine, kisha hununua mabati. Nyumba humalizika baada ya miaka mingi, nayo haina deni hata la senti moja. Hatari huja baadaye. Mwenye nyumba ataka mtaji wa kununua mahindi, au mbolea, au lori lililotumika, naye hana kitu kingine cha kumwonyesha mkopeshaji isipokuwa nyumba ile. Hivyo nyumba iliyojengwa bila deni huingia katika deni la biashara. Kazi ya miaka 12 huwekwa juu ya biashara ya msimu mmoja.

2. Hesabu ya Bwana A

Sasa tutoe mfano wa hesabu. Bwana A si mtu wa kweli, wala bei nitakazotaja si bei za mtaa fulani. Ni za kujifunzia tu.

Bwana A ana nyumba yenye thamani ya Sh. 40,000,000. Anakopa Sh. 24,000,000 za kununulia mahindi. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi, juu ya salio la deni. Muda ni miezi 60. Kwa hesabu hiyo atalipa Sh. 609,442 kila mwezi, na mpaka mwisho atakuwa amelipa kama Sh. 36,567,000.

Mwaka wa kwanza analipa bila kukosa. Miezi 12 amekwisha toa Sh. 7,313,304. Watu wengi hudhani kwamba deni sasa limepungua kwa kiasi hicho. Sivyo. Kama Sh. 4,060,000 ni riba. Deni lenyewe limepungua kwa Sh. 3,253,000 tu, na limebaki Sh. 20,747,000. Wanafunzi wapigie mstari jambo hili: katika mkopo wa namna hii malipo ya mwanzo huenda zaidi kwenye riba.

Mwaka wa pili bei ya mahindi inaanguka. Bwana A alinunua ghali, sasa hapati wa kumwuzia. Anakosa kulipa kwa miezi 6, na riba inaongezwa juu ya salio. Deni linafika kama Sh. 22,686,000, kabla ya kuhesabu faini yoyote. Wakati huo huo nyumba yake, iliyokuwa ya Sh. 40,000,000, sasa katika soko ni ya Sh. 30,000,000. Mnadani inapata Sh. 24,000,000. Tuseme gharama za dalali na matangazo ni Sh. 1,200,000. Tutoe:

Bei ya mnada: Sh. 24,000,000
Kutoa deni: Sh. 22,686,000
Kutoa gharama: Sh. 1,200,000
Baki ya Bwana A: Sh. 114,000

Bwana A alikuwa na nyumba ya Sh. milioni 40, akalipa zaidi ya Sh. milioni 7, na sasa ana Sh. 114,000 za kumsaidia kupanga chumba. Hakuibiwa na mtu, wala hakuna aliyekosea kutoa. Deni lilikaa palepale likiongezeka kwa riba, na bei ya nyumba ikashuka kulifuata.

Tuseme sasa kwamba Bwana A aliiona hatari mapema. Mwezi ule wa kwanza alipojua kwamba hataweza kulipa, alikwenda kwa mkopeshaji, akaomba ruhusa ya kuuza mwenyewe kwa utaratibu, akapata mnunuzi wa Sh. 34,000,000. Akilipa deni la Sh. 20,747,000 atabaki na Sh. 13,253,000. Kwa fedha hizo aweza kununua kiwanja na kuanza tena kufyatua matofali. Nyumba ni ile ile na deni ni lile lile. Miezi 6 ya kunyamaza imemgharimu zaidi ya Sh. 13,000,000.

3. Kwa nini bei hushuka kwa watu wote pamoja

Bei ya nyumba si kitu kilichojengwa ndani ya ukuta. Ni fedha ambazo mtu mwingine yuko tayari kuzitoa leo. Basi lazima tuulize: mnunuzi wa nyumba katika Sumbawanga ni nani, na fedha zake zatoka wapi?

Wengine ni watumishi wenye mshahara. Lakini wengi ni wakulima, wanunuzi wa mazao, wenye malori, wenye mashine za kusaga, na wenye maduka wanaowauzia hao wote. Fedha zao hutoka katika chemchemi moja, nayo ni mahindi, pamoja na maharage, ulezi na alizeti. Mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili, mavuno huja kati ya Mei na Julai, na baada ya hapo ndipo mji hupata fedha. Mwaka ambao gunia lina bei nzuri, watu kumi hutafuta nyumba moja huko Mazwi, Izia au Kizwite. Mwaka ambao gunia halina bei, wale kumi hawaonekani.

Hapo ndipo penye jibu la swali la Kidato cha Tatu. Kitu kinachomfanya mwenye deni ashindwe kulipa ndicho hicho hicho kinachomwondoa mnunuzi sokoni. Mahindi yakianguka, Bwana A hana fedha, jirani yake hana fedha, na yule ambaye angenunua nyumba hana fedha. Tena Bwana A hauzi peke yake. Wenye madeni wengine nao wanauza wiki hiyo hiyo. Nyumba zimekuwa nyingi na wanunuzi wamekuwa wachache. Anayebaki na uwezo ni yule mwenye fedha taslimu, naye anajua kwamba muuzaji hana nafasi ya kungoja.

Historia ya mkoa wetu yaonyesha jinsi bei ya mahindi isivyokuwa mikononi mwetu. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 Serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Ufipa alipata bei sawa na mkulima aliye karibu na Dar es Salaam, ingawa gunia lake lilisafiri zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ilibebwa na shirika la Serikali lililonunua mazao. Kilimo cha mahindi kikakua sana, hata Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Utaratibu huo ulilegezwa na kuondolewa katika miaka ya 1980, na wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua. Tangu hapo nauli ya lori hutolewa katika bei ya mkulima. Barabara ya lami ya kutoka Tunduma, iliyojengwa katika miaka ya 2010, imepunguza mzigo huo, lakini haikuufuta.

Tena mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi yasiyosagwa kuuzwa nje ya nchi. Nia ilikuwa kulinda chakula na kuvipatia kazi viwanda vya kusaga. Lakini mavuno yalikuwa mengi, na katika Nyanda za Juu Kusini bei ikashuka sana. Aliyekuwa amekopa kwa kuitegemea bei ya mwaka uliotangulia alilazimika kulipa deni la zamani kwa bei mpya.

4. Mambo kama haya mahali pengine

Jambo hili halikuanza kwetu, wala si la Ufipa peke yake. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Zanzibar. Baada ya mwaka 1929 biashara ya dunia iliharibika, na bei ya karafuu ikaanguka. Wenye mashamba wengi, Waarabu na Waswahili, walikuwa wameweka mashamba yao rehani kwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliokuwa wakitoa mikopo. Mikarafuu ilikuwa ile ile na deni lilikuwa lile lile, ila karafuu haikuweza tena kulilipa. Mwaka 1934 Serikali ya kikoloni ilitoa amri za kuzuia mashamba yasipite kwa wakopeshaji, na madai ya madeni yakasimamishwa kwa muda. Kukatokea ugomvi mkubwa, hata kufikia mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua karafuu, mpaka mapatano yalipofanywa mwaka 1938. Amri iliweza kuzuia shamba lisichukuliwe, lakini haikuweza kuirudisha bei ya karafuu.

Mfano wa pili ni Marekani. Huko mabenki yaliwakopesha watu fedha za nyumba bila kutazama vizuri kama wataweza kulipa, kwa kuwa kila mtu aliamini kwamba bei ya nyumba itapanda siku zote. Bei zilifika kilele mwaka 2006, kisha zikaanza kushuka, na mpaka mwaka 2012 wastani wa nchi nzima ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Mamilioni ya nyumba zilichukuliwa. Kila nyumba iliyonadiwa iliishusha bei ya zile za mtaa wake, na wale waliokuwa wakilipa vizuri wakajikuta wanadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba zao. Benki kubwa ya Lehman Brothers ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008, na msukosuko ukaenea duniani.

Mfano wa tatu ni Dar es Salaam. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, naye Waziri Mkuu akahamia huko mwezi wa Septemba. Wakati huo huo matumizi ya Serikali yalibanwa. Wenye nyumba za kupangisha wakaona vyumba vinakaa vitupu na kodi zinapungua, na wale waliojenga kwa mikopo wakapata shida. Katika nchi nzima mikopo chechefu, yaani mikopo isiyolipwa kwa wakati, ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote mwaka 2017, hali Benki Kuu ilitaka isizidi asilimia 5.

Kisiwa cha karafuu, nchi tajiri, na mji wenye bandari ni mahali mbalimbali. Lakini katika yote matatu watu walikopa kwa kipimo cha mwaka mzuri, na walitakiwa kulipa katika mwaka mbaya.

5. Sheria yamlinda nani?

Wazazi wengi hudhani kwamba mkopeshaji akija na dalali hakuna la kufanya. Si kweli. Sheria yampa mkopeshaji haki ya kuuza, lakini imemwekea masharti. Yafaa kila nyumba iyajue haya:

(a) Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani na mume peke yake wala mke peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zataka mwenzake akubali. Kwa hiyo mke anapoletewa karatasi atie saini, asiambiwe kwamba ni desturi tu. Ana haki ya kusomewa, kuuliza, na kukataa.

(b) Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji lazima ampe taarifa ya maandishi inayotaja kosa na kiasi kinachotakiwa. Hawezi kuuza mpaka siku 60 zipite tangu mkopaji alipoipokea.

(c) Ardhi haiwezi kunadiwa kabla ya tangazo la siku zisizopungua 14, mahali penyewe na katika mji mkuu wa wilaya. Tangazo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza.

(d) Mkopeshaji anayeuza ana wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiwa nyumba imeuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria itamdhania kwamba hakutimiza wajibu huo, mpaka athibitishe vingine. Kwa mfano wetu, nyumba ya Sh. 30,000,000 ikienda kwa Sh. 22,500,000 au pungufu, Bwana A ana neno la kusema mbele ya mahakama.

(e) Kabla nyumba haijauzwa, mkopaji aweza kulipa deni lote pamoja na gharama, akaikomboa.

(f) Fedha zikizidi deni na gharama, ziada ni ya mwenye nyumba. Lakini zikipungua, deni lililobaki bado ni lake.

Lipo jambo moja la kuogofya ambalo sitaki msomaji alisahau. Sheria humlinda pia mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Nyundo ya dalali ikishagonga, ni vigumu sana kuirudisha nyumba, na aliyedhulumiwa mara nyingi hubaki kumdai fidia mkopeshaji. Kwa hiyo haki hizi ni za kutumia ndani ya zile siku 60, si baada yake. Anayeificha barua chini ya godoro anazitupa siku zake mwenyewe.

Tena kuna mikopo ya mitaani ambayo watu huiita kausha damu. Mwenye fedha hamwandikishi mkopaji mkataba wa rehani. Humtaka atie saini hati ya mauziano ya nyumba, mbele ya mashahidi, kwa ahadi kwamba akilipa hati itachanwa. Ole wake anayekubali! Katika karatasi ile hakuweka rehani, ameuza. Siku 60 hazimo, tangazo halimo, wala bei ya soko haimo. Hata kama ukweli ni mkopo, atakuwa na kazi kubwa ya kuuthibitisha. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha yampasa awe na leseni. Kuuliza leseni si utovu wa adabu.

6. Shauri langu kwa nyumba zetu

Sisemi watu wasikope. Bila mtaji hakuna mbolea, wala lori, wala mashine. Lakini yapasa kupima.

Kwanza, deni lipimwe kwa magunia, si kwa shilingi peke yake. Bwana A alitakiwa kulipa Sh. 609,442 kwa mwezi. Gunia likiwa Sh. 80,000, hayo ni karibu magunia 8. Likiwa Sh. 40,000, ni zaidi ya magunia 15. Mkopaji ajiulize: je, katika mwaka mbaya kuliko yote ninaoukumbuka ningeweza kutoa magunia hayo kila mwezi? Akiona hawezi, mkopo ni mkubwa mno kwake, hata kama mkopeshaji yuko tayari kuutoa.

Pili, asiiamini bei ya nyumba ya leo. Mthamini huandika thamani ya soko, na pia thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo ni ndogo zaidi. Mkopaji aitazame hiyo ya pili, maana siku ya mashaka ndiyo itakayotumika.

Tatu, kwa mwenye hati ya kimila kijijini, akumbuke kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji hupita kwenye Halmashauri ya Kijiji. Jambo hilo hulinda ardhi isiende ovyo, lakini pia hupunguza wanunuzi, na wanunuzi wakipungua bei hupungua.

Nne, anayeona dalili za kushindwa aende mapema kwa mkopeshaji. Aombe muda uongezwe, malipo yafuate mavuno, au aruhusiwe kuuza mwenyewe. Mkopeshaji naye hapendi mnada wakati bei iko chini. Yeye hutaka fedha zake, hana haja na nyumba.

Tano, kila stakabadhi itunzwe. Mtu asiye na stakabadhi hulipa mara mbili.

Wazee wetu walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Wengine husema methali hii kwa kucheka, lakini wenye hekima waliitunga kwa kuwa waliona watu wakilia.

Neno langu la mwisho ni kwenu, wanafunzi. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini mikataba ya mikopo bado huandikwa kwa Kiingereza mara nyingi, kwa herufi ndogo na kurasa nyingi. Katika nyumba nyingi za Ufipa, anayeweza kusoma karatasi hiyo si baba wala mama, ni ninyi. Mkiwa nyumbani likizoni na mzazi akaleta mkataba, ombeni kwa adabu muusome naye. Tafuteni kiasi cha deni, riba, muda, na jina la kilichowekwa dhamana. Ikija barua ya madai, soma tarehe, hesabu siku 60, uandike siku ya mwisho ukutani ambapo kila mtu ataiona. Hesabu mnayofundishwa hapa yaweza kuiokoa nyumba mliyozaliwa ndani yake.

Zoezi

1. Nyumba ya Bwana A, ambayo thamani yake ya soko ni Sh. 30,000,000, imeuzwa mnadani kwa Sh. 22,000,000. Deni ni Sh. 22,686,000 na gharama ni Sh. 1,200,000. Je, Bwana A bado anadaiwa kiasi gani? Bei hiyo ni chini ya soko kwa asilimia ngapi, na sheria yasemaje?

2. Taarifa ya madai imepokelewa tarehe 3 Juni. Siku ya 60 baada ya hapo ni tarehe gani? Je, mavuno ya Ufipa yatakuwa yamekwisha uzwa?

3. Eleza kwa maneno yako kwa nini mtumishi mwenye mshahara aweza kununua nyumba kwa bei rahisi katika mwaka ambao mahindi hayana bei.

4. Mwulize mzee mmoja wa mtaani kwako alijenga nyumba yake kwa miaka mingapi na kwa fedha za mazao gani. Andika ukurasa mmoja.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya wiki ya mwisho wa muhula.